Kijiji cha barabara moja kule Polandi: watu wake ni wangapi kweli?

Bonju wasomaji wetu wa Bukavu, wa Goma, wa Uvira na wote munaotusoma mukiwa mbali. Mwezi huu nilikuwa nimetayarisha majibu juu ya mto Ruzizi lakini naomba munivumilie, nitayaleta mwezi ujao, ju kuna foto moja ya kijiji cha Polandi imezunguka kwenye masimu ya watu hapa mjini na barua zikanijia nyingi juu ya hiyo foto tu, wengine wanauliza kama ni ya kweli, wengine wanauliza watu wake ni wangapi, na kuna papa mmoja wa Walungu ambaye ndugu zake wanataka kukata shamba lao hivyo hivyo kama walivyoiona. Nimechagua barua nne. Wengi hapa tunasema Polonye, mi nitaandika Polandi, ni nchi ile ile.

Mama wa Kadutu, muuza vikwembe, anaandika:

"Bonju Mwalimu. Mtoto wangu alinionyesha ku WhatsApp foto ya kijiji moja ya Polonye, barabara ni moja tu inapita katikati sawa nyoka, nyumba zimejipanga huku na huku, na nyuma ya kila nyumba shamba nyembamba, ndefu, rangi rangi, sawa vikwembe vimeanikwa. Chini waliandika watu 6,000 wanaishi ku barabara hiyo moja. Mi nikasema ni uongo, ni ile mambo wanatengeneza na komputa. Mtoto anasema ni kweli. Tulibishana mpaka maharagi ikaungua. Nani ana haki?"

Mama, pole kwa maharagi. Mtoto ana haki juu ya foto, na wewe una haki juu ya ile hesabu, nitawaeleza wote wawili.

Kijiji chenyewe kipo. Kinaitwa Sułoszowa, na kinatamkwa Su-wo-SHO-va, ju ile L yenye mstari katikati wao wanaisoma kama w yetu, sz ni sh, na w yao ni v. Kiko kusini ya Polandi kwenye jimbo la Małopolska, kilomita kama 30 kutoka mji mkubwa wa Kraków, yaani karibu sawa na kutoka hapa Bukavu mpaka uwanja wa ndege wa Kavumu. Barabara yake ina urefu wa kilomita 9 hivi. Fikiria Mama, mtu akianza kutembea mwanzo wa kijiji asubuhi bila kukimbia, atatembea masaa mawili na bado yuko kijijini kwao, kulia nyumba, kushoto nyumba, nyuma ya nyumba banda, nyuma ya banda shamba linapanda kidogo kidogo mpaka juu. Ile foto ilipigwa kutoka angani wakati mazao yako rangi mbalimbali, huyu ngano imeanza kuiva imekuwa manjano, jirani yake amepanda viazi bado ni kijani, mwingine ametoka kulima udongo uko wazi. Ndiyo maana inaonekana kama vikwembe vimeanikwa, umeiona vizuri sana.

Sasa hesabu. Ile 6,000 inarudiwa kila fasi lakini tuishike pole pole. Kule Polandi vijiji kadhaa vinakusanywa chini ya ofisi moja ya serikali ndogo inayoitwa gmina, mi nitaandika gimina ili ulimi usikwame. Gimina ya Sułoszowa inabeba jina la kijiji hicho kikubwa, ila ndani yake kuna vijiji vingine viwili, Wielmoża na Wola Kalinowska. Na gimina nzima, vijiji vyote vitatu pamoja, ina watu kama 5,800. Kwa hiyo watu wa ile barabara moja hawawezi kufika 6,000, mtu alichukua hesabu ya gimina akaibandika kwenye foto ya kijiji, kisha dunia nzima ikaituma hivyo. Ni sawa na mtu kuchukua hesabu ya teritware, yaani wilaya nzima, ya Kabare akasema ni watu wa Kabare pale kwenye soko tu. Hata hivyo ni kijiji kikubwa, vijiji vingi vya kule ni vidogo sana kuliko hicho, tutaona hapa chini.

Na kitu kingine ambacho foto inaficha. Ukiiangalia unaona watu wamebanana. Lakini gimina ile ina kilomita za mraba 53, ukigawanya watu 5,800 unapata watu kama 110 kwa kilomita moja ya mraba, chini kidogo ya wastani wa nchi nzima ya Polandi ambao ni kama 120. Sehemu nyingi za Bushi, nchi ya Bashi hapa kwetu Kivu ya Kusini, zinapita hapo mbali sana, wewe mwenyewe ukienda Walungu au Nyangezi unaona nyumba mpaka juu ya kilima. Nyumba za Sułoszowa zimefuatana zote kwenye barabara, nyuma yake hakuna mtu anayekaa, ni mashamba matupu, basi jicho linadanganyika.

Kwa nini walijipanga hivyo? Anza na maji. Pale kijijini ndipo kinaanzia kijito cha Prądnik, ambacho kinashuka kwenye bonde lenye mawe ya chokaa, kinapita mbuga ya taifa ndogo kuliko zote za Polandi, mbuga ya Ojców iliyofunguliwa mwaka 1956, halafu kinaenda kumwagikia kwenye mto mkubwa wa Wisła pale Kraków. Nchi ya mawe ya chokaa ni nchi ya kiu, mvua inanyesha lakini maji yanazama chini kwenye mapango, sasa fasi yenye kijito watu wanakaa karibu nacho. Bonde ni refu na jembamba, basi kijiji nacho kikawa kirefu na chembamba.

Halafu kuna namna ardhi iligawiwa. Kijiji hiki kinatajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1315. Kwenye karne zile, za 13 na 14, wafalme na wakubwa wa Polandi walikuwa wanaita watu waje kukata msitu na kufungua vijiji vipya, na mara nyingi kila familia ilipewa kipande kimoja kinachoanzia kwenye barabara au maji, kinapita nyuma ya nyumba, kinaenda moja kwa moja mpaka kwenye msitu. Ni ugawaji wa haki, Mama, ju kila mtu anapata kidogo cha kila kitu, mlango wa barabarani, majani ya bondeni kwa ng'ombe, shamba katikati, kuni kule mwisho. Hebu chukua kikwembe chako cha yadi 6 chenye pindo la maua upande mmoja na katikati ndege. Ukitaka kukigawa kwa mabinti watatu na kila mmoja apate pindo, apate na ndege, utakikata upande upi? Utaacha pindo likatike vipande vitatu, si ndiyo, hutampa mmoja pindo lote na wengine wakose. Wale wakulima walifanya hivyo na ardhi. Baba akifa, kipande kinagawanywa tena kwa urefu ili kila mtoto abaki na mlango wake wa barabarani. Miaka 100, miaka 300, miaka 700, na vipande vikazidi kuwa vyembamba mpaka vikafikia vile unavyoviona kwenye simu ya mtoto.

Mwanafunzi wa jiografia, Ibanda:

"Mwalimu, nilikuwa natafuta vijiji vidogo vya Polandi kwa ajili ya kazi ya darasa, na kila kijiji wanaandika namna moja: kiko gmina fulani, powiat fulani, kilomita 7 kaskazini ya fulani, kina watu 120. Kijiji 120! Mimi kijiji cha babu yangu hakuna mtu anayejua kama tuko 400 ao 900. Wao wanajuaje mpaka mtu wa mwisho? Na hizo gmina na powiat ni nini?"

Swali lako limenifurahisha sana, na tena limenigusa, utaona.

Polandi ina majimbo 16, yamekuwa hivyo tangu 1999. Chini ya jimbo kuna powiati, ambayo unaweza kuifananisha na teritware yetu, ziko 314, na kuna miji mikubwa 66 ambayo yenyewe inahesabiwa kama powiati. Chini ya powiati kuna gimina, ziko karibu 2,480 nchi nzima, na chini ya gimina ndiyo vijiji, zaidi ya 40,000. Lakini usifananishe gimina na usultani wetu wa Kabare au Ngweshe, ju hakuna mwami, hakuna kurithi kiti, kuna mtu anayechaguliwa kwa kura. Na hata kijijini kabisa kuna mtu anaitwa sołtys, tuseme soltisi, ambaye wanakijiji wenyewe wanamchagua kwa kura ya siri. Kwenye nyumba yake wanapigilia kibao kimeandikwa SOŁTYS, ili mgeni au mwenye shida ajue agonge mlango gani. Hana polisi, hana jela, kazi yake ni kuita watu kwenye mkutano, kubandika matangazo, kupeleka maneno ya kijiji kwenye gimina. Na kwenye gimina nyingi kijiji kinawekewa pesa kidogo kila mwaka, watu wanakaa wanakubaliana wenyewe waifanyie nini, taa ya barabarani, kibanda cha kungojea basi, kiwanja cha watoto. Mi hiki kibao cha soltisi nakipenda, nimewahi kuonyeshwa foto yake, kibao kidogo tu kwenye ukuta wa nyumba ya kawaida kabisa.

Sasa kuhesabu. Kuna njia mbili na zote mbili zinafanya kazi pamoja. Ya kwanza ni daftari la kila siku. Tangu mwaka 1979 kila raia ana namba moja inaitwa PESEL, tarakimu 11, na tarakimu 6 za kwanza zinatoka kwenye tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku, na ile ya kumi inaonyesha jinsia, ya kugawanyika kwa mbili ni mwanamke, isiyogawanyika ni mwanaume. Mtoto akizaliwa anapewa. Mtu akihama kutoka kijiji kimoja kwenda kingine anatakiwa aende kwenye ofisi ya gimina aseme sasa niko naishi hapa. Kwa hiyo karani wa gimina akifungua daftari lake anaona kijiji fulani kina watu 120, na wiki ijayo akizaliwa mtoto wanakuwa 121. Njia ya pili ni sensa, ile sisi tunaita rasansema. Ya mwisho waliifanya mwaka 2021, kuanzia Aprili mpaka Septemba, wengi wakajaza wenyewe kwenye intaneti, na waliopatikana nchi nzima ni watu milioni 38 na elfu 36. Karne nzima na zaidi wamekuwa wakirudia mambo haya, sensa yao ya kwanza baada ya nchi kurudi kujitawala ilikuwa mwaka 1921.

Na sisi? Sensa yetu ya mwisho ni ya mwaka 1984. Wakati ule nchi inaitwa Zaire, walipata karibu milioni 30. Mi nilikuwa mtoto wa primeri, nakumbuka mama alitupanga wote kwenye mkeka, mkubwa mpaka mdogo, yule aliyekuwa bado ananyonya akiwa mgongoni, mtu wa serikali akatugusa kichwa mmoja mmoja akiandika na bik, na mama akamwita arudi, akamwambia andika na yule aliyeenda kuteka maji. Tangu siku ile hakuna aliyekuja tena. Sasa wanasema tuko zaidi ya milioni 100 lakini ni makadirio, ni watu wamekaa ofisini wamechukua ile ya 1984 wakaongeza kwa hesabu. Mtu aliyezaliwa hapa Bukavu mwaka 1985 leo anaweza kuwa na wajukuu na hajawahi kuhesabiwa hata mara moja katika maisha yake. Kujiandikisha kwa ajili ya uchaguzi si sensa, pale wanaandika watu wazima tu, watoto hawaingii, na sisi nchi yetu ni nchi ya watoto. Inaniuma kabisa hii, ju shule inajengwa kufuatana na idadi ya watoto, kisima kufuatana na idadi ya watu, chanjo pia, na kijiji cha babu yako ambacho hakijulikani ni 400 au 900 kitapewa dawa za 400 ama hakitapewa.

Ila wewe ni mwanafunzi wa jiografia kwa hiyo nakuomba usiimeze hata ile 120 yao bila kutafuna. Uliza ni ya mwaka gani, na uliza ni ya daftari au ya sensa. Polandi iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na baada ya hapo vijana wengi sana wa vijijini walienda kufanya kazi Uingereza, Ireland, Ujerumani. Wengi hawakupita ofisini kusema tumehama. Basi kwenye daftari la gimina wako pale, kitanda chao kiko pale kwa mama, lakini wao miaka 15 wanaishi mbali na wanarudi Krismasi. Kijiji cha watu 120 kwenye karatasi unaweza ukakuta taa zinawaka kwa watu wachache kuliko hao. Hili unalijua vizuri, nani kati yetu hana ndugu ambaye bado anahesabiwa nyumbani wakati yuko Kampala ao Bujumbura.

Na kijiji cha watu 120 si cha ajabu kule. Fanya hesabu mwenyewe, watu wa vijijini ni kama 40 kwa mia ya wote, yaani milioni 15 hivi, ukigawa kwa vijiji zaidi ya 40,000 unapata wastani wa watu kama 350 kwa kijiji. Kuna vijiji vya maelfu ya watu kama Sułoszowa, kwa hiyo lazima kuwe na vingi vya mia moja na chini, hasa upande wa mashariki karibu na Belarus ambako vijana wameondoka sana na waliobaki wengi ni wazee. Watu wao wanapungua. Sensa ya 2011 ilikuwa inaonyesha milioni 38 na nusu. Mwaka 2023 walizaliwa watoto kama 272,000 na wakafa watu kama 409,000, umeona tofauti, kila mwaka ni kama mji mzima umefutika. Sisi tunahangaika madarasa yanafurika, kule shule ya kijiji inafungwa ju watoto wamebaki wachache. Kwenye kazi yako ya darasa weka haya mambo mawili pamoja, usiandike idadi peke yake, andika na umri wa watu, hapo ndipo kijiji kinaonekana.

Kijana wa Goma, katiye Himbi:

"Ya mukubwa, rafiki yangu anasoma Lublin alinitumia lokasheni ya kijiji alienda kusalimia watu, jina ni Nowa Wieś. Nikiandika hilo jina ku ramani ya simu zinakuja nyingi nyingi. Ni kosa ya simu?"

Hapana mdogo wangu, simu haijakosea. Nowa Wieś maana yake ni Kijiji Kipya tu, na ni moja ya majina yanayorudiwa sana Polandi, pamoja na Dąbrowa ambayo ni fasi ya miti ya mwaloni, na Zalesie ambayo ni Nyuma ya Msitu. Watu walipokata msitu wakafungua fasi mpya waliiita kipya, na kila upande wa nchi kuna msitu na kuna nyuma ya msitu. Kile "kipya" kinaweza kuwa na miaka 600 sasa. Ndiyo maana wakiandika kijiji wanataja na gimina na powiati, bila hizo barua haifiki. Mwambie rafiki yako akutumie jina la gimina ama ile namba ya posta, ina tarakimu 5, mbili kwanza, kistari, halafu tatu.

Papa wa Walungu:

"Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Tuko ndugu watano. Papa yetu alituachia shamba moja linashuka ku kilima, upana wake ni kama hatua 60, na kutoka juu mpaka chini ku maji ni hatua 200. Yule wetu wa mwisho alikuja na hiyo foto ya Polandi ku simu, anasema tukate vipande vitano vya kushuka, kila mtu apate juu na apate chini, hakuna wivu. Mama amekubali. Mimi niko mukubwa, roho yangu haitulii. Unasemaje?"

Papa, heshima kwako na kwa mama. Nimesoma barua yako mara tatu. Nimechora shamba lenu kwenye karatasi kabla sijajibu.

Mdogo wenu ana wazo la haki na usimkaripie, ni wazo lile lile la watu wa Sułoszowa. Lakini tuangalie kwa nini kule liliwezekana. Wale waliokata vipande virefu walikuwa wanalima na plau inayovutwa na ng'ombe au farasi, baadaye trakta. Plau shida yake ni kugeuka. Ukiwa na kipande kirefu unaenda moja kwa moja mita 500 bila kugeuka, mnyama hachoki na unamaliza haraka, basi urefu ulikuwa na faida. Sisi Bushi tunalima na jembe. Jembe haligeuki, linaweza kulima popote, kwa hiyo ule urefu hautusaidii chochote na hasara zake zote zinabaki.

Hasara ya kwanza ni mpaka. Chukua hektari moja ya mraba, mita 100 kwa mita 100, kuizunguka ni mita 400. Chukua hektari ile ile lakini iwe na upana wa mita 20, urefu unakuwa mita 500, na kuizunguka ni mita 1,040. Ardhi ni ile ile na mpaka umekuwa zaidi ya mara mbili. Na wewe Papa unajua kesi za kwetu zinatoka wapi, zinatoka kwenye mpaka, mtu amesogeza jembe kidogo, mtu amepanda ndizi zake karibu majani yamevuka. Ninyi mukigawa 60 kwa watano kila mmoja ana hatua 12. Watoto wenu wakigawana tena, wakiwa watatu tu, ni hatua 4. Mi mwenyewe shamba la koko wangu kule Kabare nimeliona likienda hivyo, zamani tulikuwa tunacheza mpira ndani yake, mara ya mwisho nilipofika nilihesabu hatua 14 kutoka kwenye matete ya mpaka mmoja mpaka matete ya mpaka mwingine, na hatua karibu mbili zilikuwa zimeliwa na matete yenyewe.

Wapolandi nao hii imewachosha. Wakulima wa upande ule wa Sułoszowa walipewa ardhi kuwa mali yao mwaka 1864, wakati bado wako chini ya Urusi, na baada ya hapo kila kizazi kikaendelea kugawa. Nchi iliporudi kujitawala mwaka 1918 walikuta vipande vimesagika, mtu mmoja ana vipande vingi fasi mbalimbali, na mwaka 1923 wakatunga sheria ya kuunganisha mashamba, yaani watu wa kijiji wanakaa na wapimaji, vipande vyote vinawekwa pamoja, vinagawanywa upya ili kila mtu apate chake fasi moja. Kazi hiyo mpaka leo haijaisha. Baadaye wakomunisti walitaka kufuta mipaka yote wafanye mashamba makubwa ya pamoja, wakulima wakakataa, na kuanzia mwaka 1956 nyingi ya zile kooperativi zikavunjwa, ndiyo maana zile fito fito zimebaki Polandi wakati nchi jirani ya Cheki zilifutwa. Leo shamba la wastani la Polandi lina hektari 11 na kidogo, lakini kwenye jimbo la Małopolska, nyumbani kwa ile foto, wastani ni kama hektari 4. Wengi hawawezi kuishi kwa shamba tu, mtu analima na pia ana kazi mjini. Hilo foto haikuwaonyesha.

Hasara ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi. Vilima vya Sułoszowa vimelala, vya kwenu vimesimama. Mukikata vipande vya kushuka, kila mtu atalima kufuata kipande chake, mistari itashuka na maji ya mvua yatashuka pamoja nayo, na udongo mweusi wa papa yenu utaenda mtoni mbele ya macho yenu. Ile mitaro ya kukingama ambayo wazee wetu walichimbishwa zamani inakatwa na mipaka, huyu anasafisha sehemu yake, yule hasafishi, maji yanatafuta kwa yule mvivu yanapasua wote.

Basi mi ningefanya hivi. Shamba lenu limegawanyika lenyewe sehemu mbili, kilima na bonde la chini karibu na maji, na bila shaka wivu uko pale bondeni ju ndipo pana udongo mzuri. Muyatenganishe. Bonde, tuseme hatua 25 za chini, likateni kwa vipande vitano vidogo, kila mtu apate hatua 12 za upana, pale ni tambarare haina shida. Kilima kilichobaki, hatua 175, kikateni kwa kukingama, vipande vitano vinavyofuata mlalo wa kilima, kila kimoja hatua 60 kwa 35, na kwenye kila mpaka muchimbe mtaro na mupande matete juu yake, hivyo mpaka wenyewe unafanya kazi ya kushika udongo na tena munapata majani ya mbuzi. Upande mmoja acheni njia ya hatua mbili kutoka juu mpaka chini, ya wote watano, asizuiwe mtu kupita na mzigo. Vipande vya juu kabisa vina udongo mwepesi, basi atakayechukua cha juu aongezewe kidogo, hatua 40 badala ya 35, wale wengine wanne wapungukiwe hatua moja na kidogo kila mmoja, na mupige kura kwa vijiti mama akiwa amekaa pale, mkubwa asichague kwanza. Naomba unisamehe kwa hilo Papa lakini nalisema kwa ajili ya amani ya nyumba yenu.

Kabla ya kupiga kura, piteni kwa chifu wa lokalite na majirani wa pande zote mbili waje waone mipaka ya nje, na kama papa yenu alipewa ardhi ile kwa kalinzi, yaani mapatano ya kimila ya kupewa ardhi na mwami, tafuteni mtu aliyeshuhudia akiwa bado hai, aandikishe anachokumbuka. Andikeni karatasi sita, moja ya kila ndugu na moja ya mama. Pimeni kwa kamba moja ile ile kutoka mwanzo mpaka mwisho, musipime kwa hatua, ju hatua za mdogo wenu si sawa na zako. Na mitaro muichimbe mwezi wa nane udongo ukiwa mkavu, mvua ya mwezi wa tisa ikianza ndipo mupande matete yashike.